Isaac Newton: Boy wa Ocha Aliyetolewa Shule Akachunge Kondoo, Leo Jina Lake Ndilo Kipimo cha Uzito Wako

Kama wewe ni wa Machaa, hii stori unaijua. Unatoka tao, unashika njia ya Mutituni, unasonga kama kilomita 12 hivi hadi upande wa kilima cha Kituluni. Hapo ndipo Kyamwilu. Dere anatoa gari kwa gia, anaachilia breki, na gari badala ya kuteremka inaanza kupanda mlima pole pole. Wasee wanashuka, wanamwaga maji ya chupa kwa lami, na maji nayo yanapanda. Simu zinatoka, video zinaenda mtandaoni, na kila mtu anarudi tao akiapa kwamba huko graviti imekataa kufanya kazi.

Wazee wa huko wana stori yao ya ndugu wawili na mwanamke mmoja. Wengine wanasema ni majini. Wengine wanasema chini kuna sumaku kubwa.

Sasa kuna msee mmoja alikufa karibu miaka 300 iliyopita, hakuwahi kukanyaga Afrika, na huyo ndiye mtu wa kuulizwa kuhusu hiyo barabara. Anaitwa Isaac Newton. Jina lake ulilisikia darasani, ukalikariri, ukafanya mtihani, ukalisahau. Lakini maisha yake yenyewe hukuambiwa. Na si maisha ya mtu aliyezaliwa akijua. Ni ya kijana aliyeachwa na mathe, akatolewa shule, akafeli ukulima, na akarudi darasani kwa sababu watu wawili walimpigania.

Mtoto asiye na mbuyu

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ambayo Uingereza ilikuwa inatumia wakati huo. Ukitumia kalenda ya leo, ni tarehe 4 Januari 1643. Ocha kwao kulikuwa Woolsthorpe, kijiji kidogo cha kondoo na mashamba katika jimbo la Lincolnshire. Mbuyu wake, ambaye pia alikuwa Isaac, alikuwa mkulima asiyejua hata kuandika jina lake. Alikufa miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Na mtoto mwenyewe alitoka kabla ya wakati, mdogo vibaya, hadi waliokuwa pale hawakudhani angemaliza siku.

Akaishi. Lakini akiwa na miaka mitatu, mathe yake, Hannah, akaolewa na mchungaji mmoja mzee aliyekuwa na mali. Huyo mzee alimtaka mama, mtoto hakumtaka. Isaac akaachwa kwa shosh, na mathe akahamia kijiji cha karibu. Karibu sana, yaani mtoto anajua mamake yuko hapo tu na hawezi kwenda kukaa naye. Hiyo iliendelea miaka minane hivi, hadi mchungaji alipokufa na Hannah akarudi na watoto wengine watatu.

Hicho kidonda hakikupona. Akiwa kijana wa miaka 19 Newton aliandika orodha ya dhambi zake kwa siri, na kati yazo aliweka ile siku alitisha kuwachoma mamake na baba wa kambo pamoja na nyumba yao. Ukisoma maisha yake yote, ule ugumu wa kumwamini mtu, ule moto wa hasira, unajua ulianza wapi.

Kutolewa shule

Alipofika miaka 12 alipelekwa shule ya Grantham, akawa anakaa kwa mwenye duka la dawa. Mwanzoni hakuwa mkali darasani. Alichopenda ni kutengeneza vitu: vinu vidogo vya upepo, saa za maji, saa za kivuli cha jua alizochonga ukutani. Baadaye akaamka, akapanda hadi juu ya darasa.

Halafu mathe akamtoa. Akiwa na miaka kama 16 hivi Hannah aliamua masomo yanatosha, kijana mkubwa arudi nyumbani asimamie shamba. Hata si karo iliyokosekana. Doo ilikuwepo. Yeye aliona tu mkulima hahitaji vitabu.

Msee, huyo jamaa alikuwa mkulima mbaya. Akitumwa kuchunga kondoo anakaa chini ya mti na kitabu, kondoo wanaingia kwa shamba la watu. Mwaka 1659 alipigwa faini na korti ya kijiji kwa sababu ya kondoo walioharibu mali ya wenyewe na nguruwe walioingia mahali hawakutakiwa. Wafanyakazi wa shamba walimwona ni mvivu tu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mimi pia niliacha chuo katikati. Kila mara mtu akijua hivyo, ananiletea stori za matajiri walioacha shule na wakaomoka. Ni stori tamu, lakini ile ya Newton inasema kitu tofauti. Kutolewa shule hakukumsaidia kwa lolote. Kilichomwokoa ni mjomba wake, William Ayscough, na mwalimu mkuu, Henry Stokes. Hao wawili walimwendea Hannah wakambembeleza. Stokes akakubali hata kuondoa karo, kijana arudi tu. Kama hao wawili wangenyamaza, leo hatungekuwa na cha kuandika. Ningekuwa na mjomba kama huyo, pengine ningekuwa naandika kitu kingine saa hii.

Cambridge, tauni na lile tunda

Juni 1661 Newton akaingia Trinity College, Cambridge. Mathe, pamoja na mali yote aliyokuwa nayo, akambania. Akaingia kwa daraja la chini kabisa la wanafunzi, wale waliokuwa wanalipia masomo kwa kuwatumikia matajiri: kuwaletea chakula, kuwafanyia kazi za nyumba, kula mabaki. Mdosi wake mezani anaweza kuwa kijana wa miaka yake asiyejua chochote.

Mwaka 1665 tauni ikashika Uingereza. Sisi tuliokuwa shule 2020 tunaelewa: kila kitu kilifungwa, kila mtu arudi kwao. Newton alikuwa amemaliza digrii ya kwanza tu, na hakuna mtu aliyekuwa amemwona kama mkali. Alirudi Woolsthorpe, na kati ya 1665 na 1667 akakaa huko muda mwingi, peke yake na madaftari. Katika hicho kipindi ndipo alianza hesabu mpya za vitu vinavyobadilika, akapasua mwanga mweupe kwa kioo hadi rangi zikatoka, na akaanza kufikiria kwa nini vitu vinaanguka.

Ndiyo, tofaa ni la kweli. Hadithi yenyewe alisimulia akiwa mzee. Lakini halikumgonga kichwa, hiyo ni ya katuni. Aliliona tu likianguka akajiuliza swali la kitoto: mbona linaenda chini kila mara, si kando, si juu? Na kama dunia inavuta tunda lililo juu ya mti, inaishia kuvuta wapi? Juu ya mlima bado inavuta. Basi je, mwezi?

Hapo ndipo alitoka kwa watu wote. Mwezi uko mbali na katikati ya dunia mara 60 hivi kuliko tunda. Akakadiria kwamba mvuto unapungua kwa mraba wa umbali, yaani 60 mara 60. Kwa hivyo mwezi unavutwa mara 3,600 dhaifu kuliko tunda. Akalinganisha hesabu na mwendo wa mwezi angani, zikakaribiana. Kitu kinachoangusha embe kule Machakos ndicho kinachozuia mwezi kutoroka.

Na unajua alifanya nini na hiyo habari? Akaifungia kwa droo. Miaka karibu 20.

Droo, beef na samaki

Mwaka 1669, akiwa na miaka 26, alikuwa profesa wa hesabu Cambridge. Akatengeneza darubini fupi ya kioo iliyoshtua watu London, na 1672 akachukuliwa kwenye Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa. Akawatumia kazi yake ya mwanga. Robert Hooke, mkali wa hapo, akaikosoa. Newton alichukia hadi akajifungia. Beef yao haikuisha hadi Hooke alipokufa 1703.

Mwaka 1684 kijana mmoja mtaratibu, Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alimtembelea Cambridge na swali moja: kama jua linavuta sayari kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali, sayari itapita njia ya umbo gani? Newton akajibu papo hapo kwamba ni duaradufu, alishapiga hesabu. Halley akaomba aione. Newton akatafuta karatasi, hakuipata.

Halley hakumwachilia. Alimsukuma, akamtuliza kila Hooke alipomkasirisha, na Newton akaandika kama mtu aliyeshikwa na kitu, akisahau kula na kulala. Kitabu kilipokuwa tayari, Royal Society haikuwa na pesa. Walikuwa wamezimaliza kuchapisha kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikuuzika. Halley akalipa kwa mfuko wake. Julai 1687 kikatoka, kwa Kilatini, na dunia inakiita Principia hadi leo.

Unaona tena? Mjomba, mwalimu, halafu Halley.

Kilo si uzito, ngoja nikuonyeshe

Ndani ya hicho kitabu kuna kitu ambacho wengi wetu tulikosa kwenye mtihani. Newton alitenganisha vitu viwili ambavyo sokoni tunavichanganya. Cha kwanza ni masi, yaani wingi wa kitu chenyewe, vile vitu vilivyojaa ndani yako. Hiyo ndiyo inapimwa kwa kilo. Cha pili ni uzito, yaani nguvu ambayo dunia inakuvuta nayo. Hiyo ni nguvu, na nguvu haipimwi kwa kilo.

Alitaka uhakika kwamba hivyo viwili vinaenda pamoja. Akachukua visanduku viwili vya mbao vinavyolingana, akavining'iniza kwa kamba za urefu mmoja, akajaribu ndani yake dhahabu, fedha, risasi, glasi, mchanga, chumvi, mbao, maji na ngano. Kila kimoja kwa uzito sawa, akaviacha vibembee. Vyote vilibembea pamoja. Mchanga au dhahabu, dunia haibagui. Kwa mtu wa Machakos, ambako malori ya mchanga hayalali, hiyo ni habari ya nyumbani.

Halafu kuna hii: mwaka 1672 Mfaransa mmoja, Jean Richer, alipeleka saa ya pendulumu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Saa ikaanza kuchelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Newton akaelewa maana yake: huku kwetu karibu na ikweta mvuto ni mdogo kidogo, kwa sababu dunia inazunguka na imefura katikati kama chungwa lililokaliwa.

Sasa tupige hesabu. Kule ncha za dunia, kitu kikianguka, kasi yake inaongezeka kwa mita 9.83 kwa sekunde, kila sekunde. Machakos, karibu na ikweta na juu ya bahari kama mita 1,600, ni kama 9.78. Kwa hivyo msee wa kilo 60 akiwa Machaa dunia inamvuta kwa newton 587 hivi. Akipelekwa ncha ya kaskazini, 590. Akifika mwezini, 97 tu. Kilo zake? Ni 60 kote. Ukitaka kupunguza uzito bila kuacha nyama choma, hama ncha ya kaskazini uje Machakos. Lakini kitambi utakuja nacho.

Unadhani ni mchezo? Ile mizani ya zamani ya mawe inalinganisha kitu na jiwe, na mvuto unagusa vyote viwili sawa, kwa hivyo haidanganyiki. Mizani ya kielektroniki inapima nguvu, halafu inageuza iwe kilo. Ikitegwa London ikaletwa Machakos bila kurekebishwa, gunia la mahindi la kilo 90 litapungukiwa na zaidi ya robo kilo. Mkulima anapunjwa na hajui aliyempunja ni graviti. Hiyo ni sababu moja ya mizani ya biashara kukaguliwa na kupigwa muhuri na serikali hapa hapa inapotumika.

Na ukipita Mlolongo, pale malori yanapopimwa, fikiria hivi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa kabisa, la ekseli saba, lisizidi tani 56. Hizo ni kilo. Kinachoumiza lami ni nguvu inayoshuka kwa magurudumu, kama newton 548,000. Ndiyo maana karao wa barabara wanahesabu hadi ekseli: tani zile zile, ukizigawa kwa magurudumu machache, zinachimba barabara.

Wazimu, hela bandia na hasara

Baada ya kitabu, Newton akawa staa. Lakini mwaka 1693 akili iliyumba. Hakuwa analala, akaandikia marafiki barua za ajabu, akamshuku hadi mwanafalsafa John Locke kwamba anamtega na wanawake. Baadaye akaomba msamaha. Watu wamebishana miaka mingi kuhusu sababu: uchovu, upweke, au zebaki aliyokuwa anachemsha kwenye majaribio ya kugeuza metali kuwa dhahabu. Ndiyo, huyo bingwa wa sayansi alitumia miaka mingi akitafuta hiyo dawa, na hakuipata.

Mwaka 1696 akahamia London kusimamia kiwanda cha serikali cha sarafu. Wengine walipewa hiyo kazi wapumzike. Yeye akaifanya kwa ukali. Sarafu za fedha zilikuwa zinakatwa kingo na kughushiwa ovyo, na mtu wa mizani alikuwa amefika kazini. Alilipa wapelelezi, akahoji mashahidi mwenyewe, akamfuata William Chaloner, mghushi sugu aliyethubutu kusema kiwanda chenyewe kina wezi. Machi 1699 Chaloner akanyongwa. Aliomba huruma kwa barua. Newton hakumwonea huruma.

Kuanzia 1703 akawa rais wa Royal Society, na 1705 Malkia Anne akampa cheo cha Sir. Akapigana na Mjerumani Leibniz kuhusu nani alianza zile hesabu mpya, na kamati iliyoundwa kuamua, Newton aliiongoza kutoka nyuma ya pazia. Hiyo haikuwa haki. Leo wanahistoria wanakubali kwamba kila mmoja alizifikia kivyake.

Na 1720, mtu aliyepima mwezi akashindwa kupima tamaa yake. Hisa za South Sea Company zilipanda, akauza akapata faida, zikazidi kupanda, akarudi na pesa nyingi zaidi. Zikaanguka. Alipoteza maelfu ya pauni. Kama umewahi kuweka chapaa kwa kitu cha mtandaoni kwa sababu wasee wote wanaingia, uko na mwenzako.

Alikufa Machi 1727, akiwa na miaka 84. Hakuoa, hakuwa na mtoto, hakuacha wosia. Alizikwa Westminster Abbey, kanisa la kuzika wafalme. Mtoto wa mtu asiyejua kuandika jina lake.

Jina linakuwa kipimo

Yeye mwenyewe hakuwahi kutumia newton. Hicho kipimo kilipewa jina lake mwaka 1948, kwenye mkutano wa kimataifa wa vipimo. Kabla ya hapo wengine walipima nguvu kwa daini, ambayo ni ndogo sana, laki moja ndizo newton moja. Wengine kwa ratili za Waingereza, wengine kwa kilo hizo hizo, fujo tupu. Newton moja ni nguvu inayoongeza kasi ya kilo moja kwa mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Kwa mkono wako, ni kama uzito wa tofaa dogo. Ukichukua embe letu la aina ya apple, lenye gramu 300 hivi, umeshika newton tatu.

Hata mji wetu unaitwa jina la mtu, Masaku, mtabiri wa Wakamba. Jina linabaki kwa mahali. Jina la Newton limebaki kwa kila kitu kinachoanguka.

Turudi Kyamwilu sasa. Newton angekuja pale, hangepiga video. Angeuliza nani amepima. Mpigie fundi yeyote wa kujenga aje na pimamaji, aiweke kwa lami pale gari linapopanda. Kiputo kitasema ukweli: barabara inateremka. Vilima vya pande zote na upeo uliofichwa vinadanganya macho, unaona mlima mahali pana mteremko. Maji yako kazini kama kawaida, na graviti pia.

Je, hiyo inaua raha ya Kyamwilu? Mimi naona inaiongeza. Nendeni, mwage maji, mcheke, mnunue kitu kwa watu wa pale. Lakini mwende na pimamaji. Na kama nyumbani kuna kijana ametolewa shule na anasoma kitabu kondoo wakipotea, kabla ya kumwita mvivu, mtu mmoja aende akaongee na mamake.